Verlon na Kaunti ya Sitini na Saba

Verlon Tidmore aliijua Alabama kuliko Alabama ilivyojijua. Hayo si maneno yangu. Ni yake mwenyewe, na aliyatangaza kila Jumapili nje ya kanisa, vidole gumba kwenye ukanda, tumbo mbele kama spika wa bunge!

Tangu astaafu kiwandani, kila Jumamosi alimpakia mkewe Earline kwenye pikapu, wakaenda kaunti moja, wakapiga picha mbele ya mahakama yake, wakarudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, muda wa chakula. Kaunti sitini na sita za jimbo hilo zilishakwisha. Ilibaki moja tu, Cleburne, ya jirani kabisa, pua na mdomo. Aliiacha makusudi, kama mtu anavyosukuma mnofu pembeni ya sahani ili aumalizie.

"Na ukishindwa kurudi kabla ya saa kumi na mbili je?" aliuliza Hoyt, kaka yake Earline.

"Nishindwe? Mimi? Nikishindwa, Jumapili nakaa kiti cha mbele kanisani nimevaa jezi ya timu yako!"

Watu wakaguna. Verlon alikuwa shabiki wa timu ya wekundu tangu tumboni mwa mama yake, na Hoyt ni wa rangi ya chungwa. Kule kwao mtu anaweza kubadili dhehebu, hata mke, lakini timu ya chuo anazikwa nayo.

Basi Jumamosi ikafika, na saa nane mchana picha ya mwisho ilishapigwa. Ilibaki kurudi tu, mwendo wa nusu saa! Earline akasema washike barabara kuu.

"Barabara kuu ni ya wageni, mama. Mimi nina njia yangu."

Njia yake iliwazungusha vilimani hadi wakakutana na msafara wa mazishi. Hapo sasa adabu ni adabu. Verlon akasimama kando, akawasha taa, akavua kofia akaiweka kifuani. Magari kumi yakapita. Akadhani yamekwisha, akaingia barabarani. Kumbe lilikuwa pengo tu! Nyuma yake yakatokea mengine ishirini, taa zote zinawaka, na polisi wa pikipiki akimpungia mkono: songa, songa!

Kuchomoka kwenye msafara wa maiti? Labda mtu asiyelelewa na mama.

"Verlon," alisema Earline, "jua liko mgongoni kwetu. Tunakwenda mashariki."

"Jua la Alabama nalijua tangu utoto."

Kitambo kidogo: "Verlon, kile kibao pale..."

"Earline! Tuko msibani. Heshimu marehemu, funga mdomo!"

Earline akaufunga. Aliufunga vizuri sana.

Mazishi yalipokwisha, Verlon akaanza kunyatia pikapu yake. Bibi mmoja mwenye kofia ya maua akamdaka mkono.

"Wewe mwanangu ni wa ukoo gani?"

"Tidmore, mama."

"Tidmore! Nilijua tu, kwa pua hiyo! Sasa unaondokaje bila kula? Unataka marehemu dada yangu anitokee?"

Akasukumwa ukumbini, akapewa sahani ya kuku wa kukaanga. Kuinua macho ukutani, saa inasema kumi na mbili na dakika mbili! Akachomoa simu. Nayo inasema hivyo hivyo. Kaunti sitini na saba, halafu aangushwe na paja la kuku! Akajikaza kiume, akampigia Hoyt.

"Shemeji, umeshinda. Saa kumi na mbili imenikuta njiani."

Hoyt alikuwa amekaa barazani kwa Verlon, akimsubiri. Aliitazama saa yake mara mbili.

"Umesemaje?"

"Nimeshindwa, bwana! Unataka niimbe?"

"Pole sana, shemeji," alisema Hoyt, kwa upole ambao hakuwa nao tangu azaliwe. "Basi usiharakishe. Kula taratibu."

Verlon akala taratibu. Akala kuku, akala makaroni ya jibini, akashushia pudini ya ndizi bakuli mbili. Shibe ilipoingia, majivuno nayo yakarudi. Akamgeukia mzee aliyekaa karibu naye.

"Kaunti sitini na saba, mzee wangu! Hakuna kichochoro cha Alabama nisichokijua."

"Hongera. Siku moja uje utembee na huku kwetu Georgia."

"Nitakuja tu."

"Umeshakuja."

Kijiko kikasimama hewani. Georgia! Jimbo la jirani, ambako saa iko mbele kwa saa nzima! Yaani alipompigia Hoyt, kwao Alabama ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na moja, na nyumbani ni dakika hamsini tu! Akatazama ukutani: kumi na mbili na nusu. Ile nusu saa ilikuwa imelala tumboni mwake, pamoja na pudini.

"Earline! Ulijua?"

"Tangu kwenye kibao."

"Na hukusema!"

"Si niliambiwa niheshimu marehemu?"

Aliendesha kama anafukuzwa na nyuki, akafika kwake saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa saa za Alabama. Hoyt alikuwa bado barazani, jezi mkononi, imeshapigwa pasi.

Jumapili, kiti cha mbele, Verlon alikaa na uchungwa wake kama karoti iliyokosa mnunuzi. Mchungaji, ambaye macho yake yalishachoka, alipofika kwenye kukaribisha wageni akarekebisha miwani.

"Naona tuna mgeni pale mbele. Simama, ndugu yangu, usione haya. Unatoka wapi?"

Verlon akasimama. Akafungua mdomo. Kanisa zima likamsaidia kujibu, Earline akiongoza:

"Georgia!"