Jinsi Elkanah Alivyomteka Daktari wa Masikio

Tegeni masikio, ninyi mliojaliwa mazima, niwasimulie vita alivyopigana Elkanah wa Navakholo, mkata miwa, simba asiyejua kurudi nyuma, siku alipotoka kumtafuta daktari. Masikio yake yalikuwa yameziba tangu tulipopanda mahindi. Jioni alikuwa ameacha kukaa nasi motoni, kwa kuwa alichoka kuanza kucheka wakati wenzake wameshamaliza. Mimi mkewe nikawa wa kuzungumza na mgongo.

Mwanetu Griffin, jemadari wa simu, akaitisha baraza. Akatangaza kwamba mjini Kakamega iko kliniki ya nyota tano, yenye mashahidi zaidi ya mia. Nikamwomba anisomee ushahidi wao. Mmoja alisifu mahali pa kuegesha gari, mwingine chai, wa tatu wifi. Habari za kupona hakuna aliyekumbuka kuziandika.

"Mama, nyota ni nyota," akasema.

Basi tukaivamia ngome ile. Ukutani ilining'inia ngao ya "Kliniki Bora", ambayo kliniki ilijitunuku yenyewe. Elkanah, shujaa mwenye hadhari, akasimama mlangoni kuwahoji waliotoka kama wametibiwa vyema. Wakamjibu kwa ufasaha mkubwa, naye hakusikia hata neno. Ndani, daktari alizungumza na kompyuta, na kompyuta ikamwandikia Elkanah dawa ya presha.

Tukaondoka kwa heshima zote, tukafika kwenye zahanati ndogo iliyoacha mlango wazi. Muuguzi mmoja, Asiya, alikuwa akimhudumia bibi kizee. Akasogeza kiti, akakaa naye uso kwa uso, akangoja kikohozi kiishe ndipo aulize. Elkanah alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu," akanguruma, jengo zima likatikisika. "Huyu naona anachosema."

"Mzee, hii hata kwa simu haiko," Griffin akalalamika. Baba yake hakusikia, na siku hiyo uziwi ulikuwa neema.

Asiya akapasha maji, akayapima joto kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akayaelekeza sikioni kwa bomba la sindano. Adui akasalimu amri: nta nyeusi, nene kama punje ya hindi. Na pacha wake akafuata.

Tulipotoka nikabaki nyuma makusudi, nikaita kwa sauti isiyoweza kumwamsha mtoto mchanga: "Baba Griffin."

Waandishi wa nyakati, noeni kalamu zenu. Huku kwetu Kakamega, mchana kweupe, mume aliitwa na mkewe mara moja tu, akageuka.