Capitaine Amepona, Nani Atakaa Karibu Naye?

Habari ilitoka saa mbili asubuhi, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Redio ndogo ya Mama Kadidja, iliyofungwa kwa mpira kwenye nguzo ya kibanda chake cha kahawa pale beach, mitumbwi ya Yanonge na Isangi inaposhushia mizigo, ilisema mtaa mmoja wa Kisangani umemfukuza mama aliyetoka hospitali baada ya kupona mpox. Majirani walimfungia mlango, wakachoma godoro lake, wakamwambia arudi alikotoka. Daktari mmoja akaongeza kwa sauti ya kubembeleza kwamba aliyepona amepona, haambukizi mtu, apokelewe kwa upendo.

Benchi zima likawaka moto.

"Hawa ni batu ao ni nyama?" Sébastien aliruka akamwaga nusu ya kahawa yake. Wote walimwita Protocole, kwa sababu kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kupanga viti vya wakubwa kwenye sherehe za mji, na hata sasa akiwa amestaafu hakuna aliyekaa kwenye benchi lile bila yeye kumwonyesha nafasi. "Mutu amepona, munachoma godoro? Atalala juu ya nini, juu ya communiqué ya redio?"

"Ni ujinga, papa. Ujinga haina vaccin," alisema Jean-Paul, aliyekuwa na duka la dawa upana wa mlango mmoja. Jina lake la kijiweni lilikuwa Professeur Gélule. Ukienda kwake na jino, ukienda na mgongo, ukienda na ndoto mbaya, ulitoka na vidonge viwili, chekundu na cha njano. "Mimi akitokea mugonjwa wa mpox amepona, namukumbatia mbele ya batu yote."

"Unamukumbatia vipi na hata mukono ya kusalimia unatoa vidole mbili tu?" aliuliza Mama Kadidja akipuliza makaa.

"Ile ni prévention, mama."

"Prévention gani! Juzi kwa mulango ya banki walinipiga ile bastola ya homa hapa kwa paji," alisema Protocole. "Ikaandika thelathini na mbili. Nikauliza mulinzi, niko muzima? Akaniambia, papa, kufuatana na machine uko maiti, lakini pita tu."

Wakacheka mpaka benchi likalia.

"Na wale wa semina?" Gélule akaongeza. "Siku tatu kwa hoteli, somo moja: kunawa mikono. Siku ya kwanza, namna ya kunawa. Siku ya pili, namna ya kukausha. Siku ya tatu walitaka kunawa. Hoteli haina maji!"

Asumani alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Alikuwa fundi cherehani, mnene, mpole, wakamwita Sentimetre. Siku kumi na tisa zilizopita alikuwa amempima rafiki yake Noël suti ya kuvaa kwenye harusi ya Gracia, binti wa Noël: kifua, mabega, mikono, shingo, jasho la mmoja likimpata mwingine. Kesho yake Noël akashikwa na homa, kisha vipele, akapelekwa kwenye kituo cha wagonjwa wa mpox. Tangu siku hiyo Asumani aliamka kila asubuhi akakagua viganja vyake dirishani kama anakagua kitambaa cha dukani. Hakumwambia mtu. Nani angempa fundi mwenye mpox nguo yake? Walisema ugonjwa huweza kujificha mpaka siku ishirini na moja, alibakiza mbili. Na asubuhi hii, akifunga kifungo cha mkono wa shati, alikiona kipele kimoja pale kwenye kifundo. Kidogo, chekundu, kikali. Akafunga kifungo juu yake na kuja kunywa kahawa.

"Sentimetre, mbona kimya?" Protocole alimgeukia. "Wewe unaweza kufukuza mutu aliyepona?"

"Mimi? Hapana," alisema Asumani. "Kabisa hapana."

Ndipo Mama Kadidja akainua uso akasema, "Aah! Capitaine!"

Ni kweli alikuwa yeye. Noël wa Yanonge, ambaye kila wiki alileta samaki aina ya capitaine wakubwa kama watoto wa chekechea, na ndiyo sababu ya jina. Lakini mtu aliyeshuka njiani taratibu alikuwa nusu ya yule waliyemjua. Suruali imekunjwa mara mbili kiunoni. Usoni alikuwa na madoadoa meusi, kama mtu aliyerushiwa lami akiwa mbali. Mkononi alishika karatasi, na alitabasamu mpaka masikioni.

"Bandeko, ndugu zangu! Nimetoka! Niko na certificat!"

Benchi zima la upendo lilisimama. Kisha likarudi nyuma. Gélule alikumbuka ghafla kwamba ameacha duka wazi. Protocole akajikuta nyuma ya nguzo ya umeme, akiishika kwa mikono miwili.

"Ndeko Capitaine!" aliita kutoka huko. "Tunakupokea! Tunakupokea na roho moja! Tunakupokea ukiwa palepale!"

"Simwambukizi mutu tena, papa. Soma. Iko na cachet, muhuri ya hospitali, iko na signature."

Aliinyosha karatasi. Hakuna mkono uliokuja kuipokea.

"Bon," alisema Gélule akiwa amekwisha fika upande wa pili wa njia, "wewe umepona, tunakubali. Lakini hiyo karatasi, nayo imepona? Ilikuwa ndani na wewe siku ngapi?"

"Imeandikwa leo asubuhi!"

"Na nani? Na muganga aliyekaa na wagonjwa mwezi muzima! Mimi nauliza tu kisayansi."

Asumani naye alikuwa amesimama. Miguu yake iliamua kabla yake. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa benchi, tepu yake shingoni, na Capitaine akamtazama yeye peke yake, tabasamu likianza kupungua pembeni.

"Kaa chini, Capitaine," alisema Mama Kadidja. Alimjazia kikombe, akakiweka mkononi mwake, vidole vikagusana. "Umekonda. Walikuwa wanakulisha nini?"

"Maswali, mama." Akakaa katikati ya benchi, peke yake, kama mkubwa ambaye sherehe yake imenyeshewa mvua. "Asubuhi wageni sita wenye gilet ya mashirika: unajisikiaje? Mchana wageni wengine: unajisikiaje? Wananiangalia toka dirishani kama mamba, wanapiga picha. Infirmière alikuwa moja tu kwa vitanda kumi na nne. Chakula, ni bibi yangu Rosine, mama ya Gracia, alikuwa anapitisha kwa fensi. Bila Rosine ningepona mpox na nikufe njaa."

Muuguzi huyo mmoja alikuwa anakuja nyuma yake kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, daftari kubwa kwapani. Jina lake Simone. Hakuwa na gilet. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyelala ameketi.

"Mbote na batu yote. Nimekuja kuandika contacts. Nani alikaa na papa Noël, alimugusa, alikula naye, siku zile kabla hajaugua?"

"Leo? Siku kumi na nane tangu augue?" aliuliza Protocole.

"Nilipashwa kufika siku ya pili, papa. Lakini pikipiki ya kufuata contacts ilikuwa inafuata wakubwa kwa hoteli. Haya, majina."

Kijiwe kizima kikatazama mto.

"Mimi huyu mutu namujua kwa sura tu," alisema Gélule. "Tena sura ya mbali."

"Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa téléphone," alisema Protocole. "Na téléphone yangu haina réseau."

Simone akageukia Asumani. Kalamu ilisubiri. Asumani aliona cherehani yake ikifunikwa kitambaa, aliona wateja wakipita upande mwingine wa njia. Alisikia sauti yake ikitoka nyembamba kuliko kawaida.

"Mimi... simujui sana."

Capitaine aliinamisha kichwa akanywa kahawa yake kwa makini mno.

"Niandike mimi," alisema Mama Kadidja. "Kadidja binti Mohamadi. Kila asubuhi nilimupa kahawa, nikaosha kikombe yake na mikono hii, na siku alipotetemeka nilimushika paji. Andika kubwa, nisome bila miwani."

Simone akaandika, akafunga daftari. "Basi ni mama peke yake. Sawa. Inamaanisha kit ya contact ni moja tu."

Nguzo ya umeme ilizungumza kwanza. "Kit ya nini?"

"Kwa kila contact, ju asitembee siku zile za kufuatwa. Muchele kilo ishirini na tano, mafuta, sabuni, ndoo ya kunawia."

Hapo ndipo Gélule alivuka njia bila kutazama pikipiki. "Dada Simone, ngoja kidogo. Nilisema sura ya mbali, lakini macho yangu haioni mbali! Huyu Capitaine ni pacha wangu! Tulikuwa tunakula sahani moja, kijiko moja!"

"Kijiko ilikuwa ya kwangu!" Protocole alikuwa amekwisha fika, akipanga foleni ambayo yeye alikuwa wa kwanza. "Mutu aliyegusa sana anakuja mbele, aliyegusa kidogo anafuata. Andika: mimi, huyu mutu amenikoholea kwa mudomo wazi, nikamushukuru!"

Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa makayabu, samaki wa chumvi, kichwani akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akasema amewahi kula samaki wa Capitaine, je, hiyo inahesabiwa?

Asumani alibaki nyuma yao. Sasa, akisema ukweli, ingekuwa ni mchele unaosema. Na asiposema, alikuwa na siku mbili, na mke, na watoto wanne wanaolala chumba kimoja naye, na kitu chini ya kifungo cha shati kinachowaka. Aliona mgongo wa Capitaine pale benchini, mfupa wa bega ukisukuma kitambaa. Alikuwa amepima mgongo ule. Alijua ni nyama kiasi gani iliyoondoka.

"Dada," alisema. Hakuna aliyesikia. "Dada Simone! Nilisema uongo. Mimi nilimupima suti. Kifua, shingo, yote. Muchele sitaki."

"Anajifanya hataki ju apate mbili!" Protocole alipiga kelele.

Asumani akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko.

Foleni ilivunjika kama sahani. "Futa jina yangu!" alilia Gélule, tayari yuko njiani. "Mimi ni contact wa Capitaine, siko contact wa Sentimetre! Ni maladie mbili mbalimbali!" Mwenye makayabu aliacha mzigo na kofia. Dereva mmoja wa toleka, aliyesimama kusikiliza, alishuka kwenye baiskeli yake ya abiria akaiacha imeegemea kibanda, akakimbia kwa miguu, ingawa baiskeli ingemkimbiza haraka zaidi.

Simone alitoa glavu mfukoni, ya mkono mmoja, ndiyo aliyokuwa nayo. Akaugeuza mkono wa Asumani juani. Akamgusa shingo, kwapa. "Homa? Kichwa?"

"Woga tu, dada."

"Siwezi kujua kwa macho tu. Twende kwa centre, nichukue échantillon, ipimwe. Ungesema mapema, papa."

"Najua."

"Na muchele?" iliuliza sauti ya Gélule kutoka nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. "Ya wale bazima?"

"Muchele haijafika. Iko kwa réunion. Imefika ndoo."

Kituo kilikuwa mbali, na Simone alikuwa na majina mengine manane ya kutafuta kwa miguu. Hakuna toleka iliyokubali kukaribia. Ndipo Capitaine aliposimama, akamrudishia Mama Kadidja kikombe, akaishika ile baiskeli iliyoachwa.

"Mimi hainishiki tena, niko na certificat," alisema. "Panda."

Lakini miguu yake haikuweza kuzungusha pedali hata mara tatu, ikabidi wabadilishane. Hivyo Boyoma nzima, yaani Kisangani, ikaona anayeshukiwa kuwa mgonjwa akiendesha kwa jasho, na aliyepona amekaa nyuma kwenye mto mwekundu wa abiria, ameshika ukanda wa suruali ya mwenzake, karatasi yake kati ya meno. Penye kona ya kwanza Capitaine aliitoa karatasi mdomoni.

"Ulinikana, Asumani."

"Nilikukana."

Wakavuka shimo moja, wakavuka la pili.

"Omba kitanda ya dirishani," alisema Capitaine. "Ya mulangoni inanyeshewa. Na kama wale wa gilet wanakuuliza unajisikiaje, usiseme vizuri. Ukisema vizuri wanaenda. Sema inauma kidogo, wanakaa, unawaomba sabuni."

Asumani alikaa siku sita kwenye kitanda cha dirishani, maana échantillon ilisafiri na majibu yalirudi kwa mwendo wao. Kila siku saa sita Capitaine alifika kwenye fensi na sahani ya majani ya muhogo, pondu ya Rosine, na kwa kuwa yeye peke yake mlinzi alimruhusu kuingia, aliketi ukingoni mwa kitanda wakala wote wawili, huku akilalamika kwamba suti yake haijaguswa na harusi haingoji. Siku ya sita Simone alikuja akicheka, mara ya kwanza tangu wamjue. Hakuna mpox. Hakuna kitu.

Asumani alipotokea kijiweni pamoja na Capitaine, benchi lilimpokea kwa vigelegele. Protocole mwenyewe alifuta vumbi la nafasi yake, akatoa hotuba. Gélule alimkumbatia mbele ya watu wote, kama alivyoahidi, na mikono yote miwili.

"Sisi hatukuwa na mashaka hata siku moja!" alisema. "Kumbe ile kipele ilikuwa ya nini?"

"Mbu," alisema Asumani. "Dada Simone anasema ni mbu aliniuma."

Gélule alilegeza mikono polepole.

"Mbu," alirudia. "Na huyo mbu, kabla ya kukuuma wewe, alikuwa ametoka kumuuma nani?"

Protocole aliinuka akaangalia saa ambayo hakuivaa. Gélule akakumbuka tena kwamba ameacha duka wazi. Mama Kadidja akahesabu waliobaki, wawili, Asumani na Capitaine, akamimina.