Mwanga Usioonekana Umeniumbua

Jumatatu, 9 Machi
Mkuu wetu wa shule, Mama Restuta, ametangaza: Ijumaa anateua mkuu wa idara ya sayansi. Ni mimi, Gosbert, mwalimu wa fizikia, au Madam Aurelia wa kemia. Yaani hilo nalo ni swali? Kemia ni upishi usiolika!

Jumanne, 10 Machi
Kidato cha Nne, mawimbi ya sumakuumeme. Darasa linasinzia kama kuku wenye kideri. Nikachukua rimoti ya projekta, nikabonyeza. Wameona nini? Hakuna. Nikabonyeza tena mbele ya kamera ya simu yangu. Kwenye kioo, ncha ya rimoti ikawaka zambarau! Kelele hadi jikoni. Nikawaambia hiyo ni infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni. Binti mmoja, Edna, akauliza kama hapa tulipo umejaa mwanga tusiouona. Umejaa, nikamjibu. Nilijipenda mno.

Jumatano, 11 Machi
Kesho Aurelia anafundisha kwa video, kwa projekta ileile, mbele ya Mama Restuta! Rimoti sijairudisha. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 12 Machi
Nimevaa koti. Ifakara hii, Machi hii, koti la harusi! Rimoti ndani ya mkono wa koti, ncha ikichungulia. Nikakaa nyuma, jasho chapachapa.

Aurelia akaanza. Nikabonyeza. Giza! Akaomba radhi, akawasha. Giza! Mara ya tatu nikanyoosha mkono na kushauri, kwa huzuni kubwa, kwamba kemia inafaa zaidi ubaoni. Mama Restuta akatikisa kichwa kwa kumsikitikia Aurelia. Utamu ulioje!

Ndipo Edna akaomba simu ya Madam. Akafungua kamera, akaizungusha darasani polepole. Aurelia naye akawasha tena, na kidole gumba changu kilikuwa kimeshabonyeza.

"Madam! Mkono wa koti la Mwalimu Gosbert unawaka!"

Ofisini kwa Mama Restuta, shikamoo yangu haikuitikiwa.

Ijumaa, 13 Machi
Aurelia ndiye mkuu wa idara. Nikampa hongera. Akashukuru kwa upole, akanikabidhi usafi wa maabara, pamoja na panya wake.

Mama Restuta akaniambia kilichoniokoa na barua ya onyo ni jinsi Edna alivyolishika somo langu: mwalimu anayeeleweka vile si wa kupoteza. Alitaka nijitafakari.

Nimejitafakari. Kosa nimeliona. Nilifundisha vizuri kupita kiasi! Jumatatu ni eksirei. Nitaifundisha nusunusu.