Njia Yangu ya Mkato Kwenda Mwingi

Alhamisi, 8 Agosti

Kikao cha ukoo hapa Kikima. Jumamosi tunampeleka Mutisya, mtoto wa marehemu kaka yangu, kumposa Kasiva wa Mwingi. Mbuzi watatu wa ntheo, wa kufungulia posa, lazima wafike. Bila hao hakuna posa. Nilijua msemaji nitakuwa mimi, baba mdogo. Wapi! Wakamchagua binamu yangu Kyule, eti ana sauti ya redio. Mimi nibebe mbuzi kwa gari langu, Probox, pamoja na Shangazi Ndunge. Nimekubali kwa upole. Lakini anayefika kwanza ndiye anayesalimu wenyeji, na anayesalimu ndiye msemaji. Kyule hajafikiria hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechungulia ramani kwa simu. Kyule atafuata lami mpaka mwisho. Mimi nitakata kona Kabati nipitie vichakani. Mutisya amenielekeza: kwa kina Kasiva ni geti la kijani, karibu na kanisa. Inatosha. Mke wangu Kalondu ameniambia nichukue namba ya simu ya wenyeji. Ya nini? Gari nimeliosha.

Jumamosi, 10 Agosti

Tulipofika Kabati, Kyule na wenzake wakasimama kunywa chai. Nikawapita! Njia ya mkato ikaanza vizuri, kisha ikawa mto. Maji hakuna, mchanga tele. Tukazama. Shangazi akashuka, akashusha mbuzi, akasema tumuulize yule mama anayechunga ng'ombe. Nikamwambia mwenye gari haulizi njia. Nikachimba mchanga kwa sahani ya chakula ya Shangazi mpaka gari likatoka.

Hatimaye kanisa. Geti la kijani. Tenti, viti, masufuria jikoni. Kyule hayupo! Nikasimama nikahutubu: tumeona ua zuri katika boma hili, tumekuja kuliomba. Watu wakatazamana. Mzee mwenye boma, Mbithi, akapokea mbuzi huku machozi yakimtoka, akanibariki. Nikaona kumbe nimezaliwa msemaji.

Nilikuwa nimefika nusu ya sahani ya pilau Mutisya aliponipigia simu. Eti niko wapi? Wajomba wa Kasiva wamechoka kungoja, wameanza kuvaa makoti waende. Nikatazama vizuri. Hapa palikuwa na ibada ya shukrani, Mzee Mbithi ametoka hospitali. Binti pekee niliyemwona ni mtoto, hana hata meno ya mbele. Na mbuzi mmoja tayari yuko kwenye sufuria.

Nikainamia sahani. Shangazi ndiye aliyemwendea mzee, akamweleza yote. Mzee akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Akatoa mbuzi zizini kwake, mnene kuliko wetu, akapanda gari kutuonyesha njia.

Tulipofika, Kyule alikuwa bado amesimama, shati limelowa jasho, anawasimulia wajomba historia ya ukoo wetu wasije wakaondoka. Alikuwa amefika kwa babu wa babu. Mbuzi wakahesabiwa, wakapokelewa. Kasiva akatabasamu. Mutisya hakunitazama.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani kila mtu ananiuliza habari za ua. Nani amewaambia? Shangazi, bila shaka.

Jioni Mutisya akaja. Nilidhani amekuja kushukuru. Akasema polepole, "Baba mdogo, jana nilijua nimempoteza Kasiva." Huyu nimemlea tangu baba yake afariki. Nikamwomba msamaha. Nikamwahidi safari ile imenifundisha. Akanishika mkono, tukanywa chai.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetafakari mafunzo ya safari, kama nilivyoahidi. La kwanza, mchanga unataka kasi. La pili, Mwingi wamezidisha rangi ya kijani. Zaidi ya hapo sioni kosa, na mbuzi aliyefika alikuwa mnene kuliko aliyetoka. Hilo hakuna anayelisema.

Mchana nimesikia mchungaji wa kanisa letu anatafuta wa kumpeleka Kiboko kesho kuchukua mbegu za mtama. Kyule tayari amejitolea. Nimewahi kwa mchungaji, nikamweleza kwa heshima kwamba Kyule atamzungusha kwa barabara kuu siku nzima, wakati iko njia inayoteremka moja kwa moja milimani. Mchungaji ameniuliza kama nimewahi kuipita.

Nimemwambia tutaipita pamoja.