Kuhusu Bwawa Mlilolijenga Kwenye Uwanja Wetu wa Kuanikia Mpunga

Serafina, mama wa majamvi,
Kwa niaba ya Wanawake Waanikaji,
Ifakara.
16 Juni 1996

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupendezesha Mji,
Ifakara.

Ndugu Mwenyekiti Valeriani,

Marahaba. Naitikia mapema kwa kuwa najua shikamoo yako imekwama mahali, kama ilivyokwama tangu siku uliyopewa uenyekiti. Mimi ni mama yako mdogo, mdogo wake marehemu mama yako Agnella, na hilo halijabadilishwa na kikao chochote. Lakini leo sikuandikii kama mama mdogo. Nakuandikia kama mwananchi, na nimeelezwa kwamba mwananchi mwenye malalamiko huyaandika kwenye karatasi safi, huyapa namba, na hatumii lugha kali. Karatasi ni safi. Namba nimeweka. Lugha utaipima mwenyewe.

Tumesoma tangazo lenu pale sokoni kwamba Bustani ya Mapumziko itafunguliwa Saba Saba na mgeni wa heshima, na kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kuanika mpunga ndani ya uzio. Sisi tuko wanawake kumi na wanne. Kazi yetu ni kuanika mpunga wa watu kwenye uwanja huo, tulianza kabla wewe hujaota meno, na hatuna uwanja mwingine. Tumekaa, tumelisoma tangazo mara mbili, na haya ndiyo tunayoomba yarekebishwe.

1. Ubao wa masharti. Usikanyage nyasi. Usichume maua. Usipite na baiskeli. Usianike kitu chochote. Ubao mzima hauna hata jambo moja ambalo mtu anaruhusiwa. Nilimuuliza Raimundi, mlinzi wenu, mtu akishaingia getini afanye nini. Aliusoma ubao upya, juu mpaka chini, akasema asimame. Sasa kusimama si tunaweza hata nje, Ndugu Mwenyekiti? Halafu hizo nyasi zenyewe. Katika bonde hili mtu anapigana na nyasi tangu Januari mpaka mgongo unakataa kunyooka. Ninyi mmeziagiza kwa lori, mkazipanda kwa mistari, mkaziwekea na mlinzi.

2. Ule mkutano wa mwezi wa kumi mwaka jana, ambao kila mkiulizwa mnasema wananchi waliafiki mchoro. Naomba ieleweke tuliafiki nini. Alikuja mtaalamu wenu kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, viatu vyeupe, akabandika ukutani karatasi kubwa yenye duara la bluu katikati. Huenda alisema kuwa ni bustani, lakini alisema kwa maneno ya ofisini, mandhari sijui na dhana gani. Kwetu sisi, mgeni akija na ramani yenye maji ya bluu tunajua huyo ni mtu wa mbu, wa utafiti wa malaria. Tumewazoea. Kule kijijini Namawala ndiko hawatoki kabisa: wanahesabu madimbwi, wanachora, wanauliza masika maji yanasimama wapi, tunawaonyesha, wanashukuru, wanakwenda zao. Tukajua na huyu ni wao. Tena tukaona amechora vizuri mno, maana duara lake lilikaa palepale maji yanaposimama mwezi wa tatu, na yeye amekuja kiangazi, hajaona hata dimbwi. Tukampigia makofi. Tulikuwa tunampongeza kwa usahihi wake.

Ubaya zaidi, mpumbavu mmoja akasimama, akachukua fimbo, akamwambia kijana wa watu kuwa duara amelipunguza, kwamba mwaka wa mvua nyingi maji yanafika mpaka kibanda cha fundi baiskeli. Mtaalamu akafurahi kweli. Akaandika kwenye daftari lake kuwa wananchi wanaomba bwawa kubwa zaidi. Tunaiomba kamati imtafute mpumbavu huyo na kumsimamisha hadharani siku ya ufunguzi, aone aibu mbele ya mgeni wa heshima.

3. Mbu. Zamani maji yalikuja masika, yakakaa, yakaondoka yenyewe mwezi wa tano, yakatuachia uwanja mgumu na msafi kama sakafu. Mwaka huu yamekuja yakakuta saruji, na saruji haijui kuachia. Mota ya kuyarusha juu, ambayo tuliambiwa ndiyo uzuri wenyewe, ilikuwa njiani, na hadi leo ipo njiani. Basi yakatulia yakawa kijani. Mwezi wa nne walipita watu wa mbu, wale wa kweli, wakachota kwa upawa wakatazama ndani. Viluwiluwi walikuwa wengi kuliko maji. Mmoja wao alicheka mpaka akakaa chini, na sijawahi kuwaona watu wale wakicheka kazini. Mmewajengea mbu nyumba ya saruji katika mji ambao walimu wanaishi kwenye udongo. Kwa kuwa wao ndio wakazi wa kwanza wa bustani na ndio pekee wasiolalamika, tunapendekeza wapewe nafasi moja katika kamati yenu. Vikao vyao hufanyika usiku. Mhudhurie bila chandarua.

4. Mabenchi na miti. Mabenchi ni ya saruji na yapo juani. Saa sita mchana ukikaa hapo unainuka na alama. Kivuli mlitegemea miashoki, mti ambao kivuli chake ni chembamba kiasi kwamba kuku wawili hawawezi kukigawana. Lakini hata kingekuwepo kivuli, ningependa kumjua huyo atakayekaa. Mwezi wa sita, mwezi wa mavuno, mtu mzima akionekana Ifakara amekaa tu, mikono mapajani, anatazama maji, majirani watakuja kumuuliza anaumwa nini. Wa pili watakuja kuuliza kama kuna msiba. Mtakuwa mmejenga mahali pa kupumzikia ambapo mtu hapumziki kwa kujibu maswali.

5. Sasa mpunga, na hapa naomba uache hiyo soda uliyoishika. Unajua mwenyewe kwamba mpunga usipokauka vizuri hukatika mashineni, na badala ya mchele unapata chenga. Ukikaa mbichi ndani ya gunia unaota. Mwezi uliopita Katarina, mwenzetu, alifungiwa geti, marufuku yenyewe bado haijaanza, akiwa na magunia manane ya watu wa kijiji cha Mofu. Siku tatu anazunguka na mkokoteni kutafuta pa kumwaga. Alipofungua magunia, mpunga ulikuwa umeota, mweupe, kama ndevu. Wenye mpunga hawakumtukana. Walibeba wakaondoka, na hawatarudi kwake. Amefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na imekwisha kwa siku tatu. Nililia, Valeriani, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Tena kuna jambo ambalo mtaalamu wenu hakulichora. Kwenye uwanja ule mpunga unalala juu ya majamvi, na wingu likitanda, anayepita anashika pembe. Haulizwi ni nani. Padri ameshika pembe ya jamvi pale, akiwa na kanzu yake. Bibi harusi ameshika, mwaka ule wa mvua ya ghafla, shela mabegani, na harusi ikangoja mpaka mpunga wote umeanuliwa. Watu wasioamkiana kwa ugomvi wa shamba wameshika jamvi moja huku na huku, wakalikunja, wakaondoka bila kusemezana, lakini wamelikunja. Wewe ulishika pembe ukiwa na miaka sita, ukaanguka na mpunga ukakuingia masikioni, na mama yako akakutoa punje moja moja. Mpunga wa uwanja ule ndio uliokupeleka sekondari. Mtaalamu wenu siku ile ile ya mkutano alikuta manyunyu yameanza na sisi tunakimbia kuanua ufuta. Alifungua mwavuli akatutazama. Simlaumu, hakufunzwa. Wewe ulikuwa chini ya mwavuli huo huo.

6. Kwa hayo yote tunaomba bwawa livunjwe, saruji ibebwe, na udongo wetu urudishwe kama ulivyokuwa, maana saruji haitufai kwa lolote. Kama haiwezekani, basi tutauleta mpunga kwenye ukumbi wa vikao vyenu, ambao una sakafu nzuri na hautumiki isipokuwa mnapokunywa chai. Ukumbi ukijaa, tutasogea ofisini kwako. Ofisi ikijaa, nyumbani kwako kuna sebule, na mke wako Eveline ni mtu mwenye huruma, atasogeza makochi. Na kama mtasema bustani ni ya mapumziko tu, tunaomba mpunga uandikishwe kama mgeni wa bustani. Umetoka shamba, umepigwa, umepepetwa, umebebwa kwenye baiskeli mwendo mrefu. Hakuna mwananchi wa bonde hili anayestahili kujilaza juani kuliko huo.

Tunategemea jibu lako kabla ya Saba Saba, kwa maandishi, na lisipite kwa katibu wako, kwa kuwa barua zikipita kwake huwa zinapumzika nazo.

Nifikishie salamu kwa Eveline, kwa watoto wote, kwa mama mkwe wako na mguu wake, kwa wajumbe wa kamati mmoja mmoja, na kwa yule mtaalamu kama bado mnawasiliana. Mwambie viatu vyeupe havikufaa lakini tulivipenda.

Ni mimi mwananchi wako, na ukishavua kofia ya uenyekiti, mama yako,

Serafina.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, ikakaa wiki mbili ikikosa wa kuileta, nikakumbuka mambo mawili matatu, nimeifungua tena.

Yule mpumbavu wa fimbo ni mimi. Ulikuwepo, uliniona, na ulijua kabisa kuwa kile ni bwawa la bustani. Ulinyamaza kwa sababu mtoto hamkosoi mama yake mbele za watu. Kwa hiyo usinitafute hadharani. Mmoja wetu alikuwa mjinga na mwingine alikuwa na adabu, na bwawa tumelijenga sote wawili.

La pili, tangu mlipochota yale maji machafu kwa ndoo kungoja mota, bwawa ni kavu. Wiki iliyopita, kwa kukosa pa kwenda, nilitandika humo majamvi nikamwaga gunia moja la Katarina mwenyewe, la kujaribu. Wallahi, Valeriani, uwanja wa udongo ulitaka siku tatu, saruji imekausha kwa siku moja na nusu, na hakuna hata kijiwe kimoja ndani. Ukingo wa duara unazuia kuku. Watu wa Mofu wamesikia, na wamemrudia Katarina. Sasa hivi ninavyoandika nimekaa kwenye benchi lenu, limeshapoa, na mpunga umejaa bwawa zima mpaka upande wa fundi baiskeli. Kwa hiyo lile ombi la kuvunja liache kwanza. Kama mota bado haijafika, iandikie ibaki huko iliko. Na kama mna saruji iliyosalia, hilo duara mngeliongeza kidogo.

Raimundi usimfukuze. Geti anafungua kwa sababu nimemwambia, na jana wingu lilipotanda alishika jamvi vizuri kuliko wajumbe wako wote.

Siku ya Saba Saba mje tu na mgeni wenu, lakini mpunga utakuwepo, kwa hiyo mvue viatu mlangoni, wewe na yeye. Tunageuza kwa miguu, taratibu, mkiburuta nyayo kwa mistari. Wewe utamwonyesha, hujasahau. Na wingu likitanda katikati ya hotuba, pembe yako ni ile ya upande wa sokoni, ile ile.