Ukurasa wa Mwisho wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi 1958
Nimeshtakiwa! Na shemeji yangu mwenyewe, mume wa marehemu dada yangu! Kitabu chake nilikichapa kwa karatasi nzuri, jalada la kitambaa. Shukrani yake ni hati ya mahakama. Anadai nimebadili ukurasa wa mwisho bila ruhusa. Aliandika habari za ndoa yao. Katika muswada wake mke anakufa. Katika kitabu changu anapona. Hilo nalo kosa? Anataka nikichape upya kama alivyoandika. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu. Mpanga herufi wangu ataapa kwamba shemeji alikuja kiwandani akaukubali ukurasa mpya. Nimemwahidi kiti chenye mto. Mzee akaendelea kuokota herufi zake, akasema atafikiria. Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mahakamani. Mpanga herufi kaapa, kisha akatoa mfukoni ukurasa wa muswada. Kumbe huhifadhi kila karatasi anayoipangia herufi! Pembeni, kwa wino wangu mwekundu: "Mke apone. Mwandishi asiambiwe." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakili wangu akaanza kukusanya makabrasha yake.

Jaji akauliza kwa nini. Nikasema wasomaji hupenda mwisho mwema. Uongo. Wiki aliyokufa dada nilikuwa safarini. Sikumuaga. Nisingeweza kukichapa kifo chake kwa mikono yangu.

Shemeji hakunitazama. Akamwambia jaji: "Watu wananisimamisha njiani, wananiuliza mke wangu anaendeleaje. Nilimzika mwenyewe, mheshimiwa. Niwajibu nini?"

Hakuna aliyecheka. Nililia, nikajifanya napenga kamasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshindwa. Nakala zote ziondolewe madukani, ukurasa uchapwe neno kwa neno. Pale nje nikamwita shemeji. Akasema kitabu kikitoka sawa atakuja kwangu kunywa chai kama zamani. Kisipotoka sawa, tusijuane tena. Sina ndugu mwingine duniani.

Jumatatu, 10 Machi
Mpanga herufi kagoma. Nimepanga mwenyewe. Neno kwa neno, naapa! Nilipofika penye "akafa", mkono ukakataa. Nikaweka "akalala". Neno moja tu, nani ataliona? Kisha roho ikaniuma kumwacha amelala peke yake mle ukurasani. Nikamwamsha.