Nilivyoipaka Rangi Nebbiolo ya Watu

Jamani, leo nimejiaibisha Riyadh nzima ikiniona. Sawa, si Riyadh nzima. Wageni kumi na wawili. Walitosha!

Ukweli ni kwamba kwa miezi minane nimekuwa nikiosha vyombo kwenye mkahawa mmoja hapa mtaa wa Malaz. Leo bosi Khamis, Mzanzibari mpole (akiwa hajakasirika), akaniita. "Akinyi, leo utahudumu mezani. Ukiweza, hurudi tena kwenye sinki. Ukishindwa, halas."

Mgeni mkuu alikuwa mzee mkulima kutoka Italia. Alikuja na divai ya zabibu zake ziitwazo Nebbiolo, iliyotolewa kilevi chote, maana hapa kilevi mafi, hakuna kabisa. Nikaenda jikoni, nikaimimina kwenye jagi la kioo.

Woiye! Imepauka! Unaona vidole vyako upande wa pili!

Nikajua mtu ameiongezea maji. Na kwetu Kisumu, ukimpa mgeni juisi iliyopauka utasemwa mpaka uhame. Nikatupa jicho kando: sufuria ya karkade, yale maua mekundu ya kuchemsha, imepoa vizuri. Nikaongeza vikombe viwili. Nikakoroga. Nyekundu pyu! (Nikajipongeza. Peke yangu.)

Nikaingia mezani natembea kama bibi harusi. Mzee akainua glasi kwenye taa. Akanusa. Akaonja. Akaiweka glasi chini.

"Binti, umeifanya nini hii?"

"Nimeisaidia kidogo tu, baba."

"Umeisaidia na nini?"

Bosi Khamis akafumba macho.

"Karkade," nikasema.

Meza nzima ikaangua kicheko. Kuna mama mmoja alikuwa hajatoa neno tangu afike, huyo alicheka mpaka akafuta machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakucheka. Akafungua chupa nyingine, akanimiminia mimi. "Nusa kwanza."

Nikanusa. Waridi! Halafu, aki ya nani, lami, ile ya barabara mpya! Nikanywa. Ufizi wote ukakauka kama nimeuma ndizi mbichi. Kitu kimepauka hivyo, kina nguvu hivyo! Mzee akaniambia ndiyo tabia yake, rangi kidogo, makali mengi. Tena huchelewa kuiva. Zabibu nyingine zinavunwa, ukungu unashuka milimani, na yeye bado anaingojea. Nikabaki nimeishika glasi kwa mikono miwili. Sikujua zabibu inaweza kumnyamazisha mtu mwenye mdomo kama wangu.

"Sasa waeleze wageni," akasema.

Nikawaeleza wote, kuanzia waridi mpaka ujinga wangu wa karkade. Wakaniomba nirudie!

Mwishowe bosi akanivuta kando. "Mezani utabaki. Ila jikoni usikanyage."

Nawaomba msicheke kwa sauti. Mama yumo kwenye hili grupu, na tangu nije huku anajua mimi ni meneja.